Nne Nukta Tatu, Mara Sita

3 Machi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Mimi mzima, ila nina jambo na sitazunguka.

Leo asubuhi Meneja ameniita ofisini kwake akanionyesha karatasi mbili. Ya kwanza inatoka huko kwenu, inasema chanjo za kituo kizima zimeharibika kwa joto. Ya pili ni nakala ya ukurasa wa rejista yako ya friji. Jumatatu jioni umeandika nyuzi nne nukta tatu. Jumanne asubuhi, nne nukta tatu. Jumanne jioni, hivyo hivyo. Mpaka Alhamisi asubuhi, mara sita, nne nukta tatu. Akaniuliza, "Muuguzi huyu si ndugu yako?" Nikamwambia ndiyo, kaka yangu wa tumbo moja. Akasema, "Sasa nieleze, friji gani hiyo isiyopanda wala kushuka hata nukta moja kwa siku tatu?"

Unajua kile kisanduku cha kupima joto kilichobandikwa ubavuni mwa friji yako kinatoka hapa kwetu. Na kerneli yake naitunza mimi. Kerneli ni ile programu ya chini kabisa, ndiyo inayoamua humo ndani nani afanye kazi, nani asubiri, nani alale. Nyingine zote zinaisikiliza hiyo. Tuliipima miezi minane kabla ya kuvitoa visanduku. Leo viko vituo mia mbili na kumi na vinne, na hakuna kituo kingine kilicholalamika.

Kwa hiyo nakuuliza mimi, mdogo wako, kabla hawajakuuliza watu wasiokupenda: ulijaza bila kutazama? Kama ni uchovu, sema ni uchovu. Uko peke yako kituo kizima, nani asiyejua. Nikijua ukweli nitajua pa kuanzia kukutetea.

Barua hii nampa dereva wa gari la dawa, anayepita huko kwenu kila wiki. Simu yako haishiki mpaka upande juu ya tangi la maji, na haya si mambo ya kupigiana kelele juu ya tangi.

Mdogo wako,
Bisibisi


9 Machi

Bisibisi,

Marahaba. Sisi wazima.

Swali lako nimelisoma mara mbili, nikadhani huenda nimekosea kusoma. Jibu ni hapana.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana naona wote mnaisoma karatasi na hakuna aliyeniuliza. Jumatatu mchana dereva alileta chanjo za mwezi. Nikafungua friji, nikapanga chupa, nikafunga. Jioni nikasoma kioo cha kisanduku chenu: nne nukta tatu. Nikaandika. Jumanne na Jumatano sikufungua friji kabisa, kwa sababu mafunzo yenu wenyewe yanasema usifungue bila haja, baridi inatoka, soma kioo. Nikasoma kioo. Kilisema nne nukta tatu. Ulitaka niandike ngapi?

Alhamisi ni siku ya kliniki. Watoto sitini na mmoja walikuwa wamepangwa, kina mama wamejaa mpaka uani. Nikatoa chupa ya kwanza. Unajua kwenye lebo kuna kamraba kadogo kanakokolea rangi chupa ikipata joto. Kalikuwa keusi. Nikatoa ya pili, keusi. Nikaweka kiganja ndani ya friji, nikakuta hakuna baridi, kama ndani ya kabati la nguo. Fyuzi ilikuwa imekatika, sijui tangu lini. Na kisanduku, ambacho kazi yake ni kupiga king'ora friji ikizidi nane, kimetulia kimya, kioo kinasema nne nukta tatu. Nikakigonga kwa kidole. Kimya. Nikachomoa betri yake nikairudisha. Kikazinduka, kikasema kumi na tisa nukta nane, ndipo kikaanza kupiga kelele.

Nikatoka uani nikawaambia kina mama warudi nyumbani. Mmoja alikuwa ameondoka kwake alfajiri na pacha, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Aliniuliza, "Yaani hata huyu mmoja tu?" Nikamwambia hata mmoja.

Ripoti ya kuharibika niliiandika mimi mwenyewe, siku ile ile, kwa mkono wangu. Mtu anayejaza rejista ya uongo hajiripoti.

Kaka yako


16 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nimekuelewa. Nakiri swali langu lilikuwa baya. Ila hebu na wewe nielewe mimi: nina kitu mkononi ambacho kila nikikipima kinaniambia hakina kosa.

Jambo moja limenikaa kichwani baada ya kusoma barua yako. Mtu anayetunga namba huzichanganya, anaweka nne nukta moja, kesho nne nukta tano, ili zifanane na kweli. Hakuna mwongo anayeandika namba moja mara sita. Nimemwambia Meneja hivyo. Amenijibu, "Au mwongo mvivu." Nimetoka nikafunga mlango kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

Kisanduku kinaishi kwa betri ndogo, kwa hiyo muda mwingi kerneli inakilaza. Kila dakika tano saa ya ndani inakiamsha, kinapima joto, kinaandika kwenye kioo, kinalala tena. Mlango wa friji ukifunguliwa au kufungwa pia kinaamka, kwa kuhisi mtikisiko wake. Na kioo chake hakili umeme. Kinashika maandishi ya mwisho hata ukichomoa betri, kama karatasi. Kwa hiyo kisanduku kikilala kisiamke, kioo kitaendelea kuonyesha namba ya mwisho hata mwaka mzima. Naamini ndicho kilichokupata. Lakini kuamini si kuonyesha. Nimepanga visanduku kumi na viwili mezani kwangu tangu Jumatatu. Naviamsha, navilaza, navitia kwenye friji, navitoa. Vyote vinafanya kazi kama malaika. Leo ni siku ya saba. Nimefika mahali natamani kimoja kife.

Aliyeandika ile sehemu ya kulala alikuwa anabana betri kweli kweli, kila tone. Nimeipitia mstari kwa mstari na sioni kosa.

Naomba unisaidie kitu kimoja. Fungua na ufunge mlango wa friji mara hamsini, polepole, halafu mara hamsini haraka haraka, na kila mara uangalie kama kioo kimebadilika. Andika vyote. Ni kazi ya nusu saa. Dereva atanirudishia majibu.

Bisibisi


24 Machi

Bisibisi,

Marahaba. Hicho kipimo chako sijakifanya. Siku hizi kazi ni nyingi, mikono haishiki kalamu sana. Samahani kwa karatasi ilivyojaa vumbi.

Watoto wazima. Wa kwanza ameanza kujibu kama wewe ulivyokuwa unajibu, na mama yake anasema ni damu ya kwenu.

Ninaloweza kukwambia bila kugusa friji ni hili. Mlango wake una kitasa kibovu. Ukiufunga unagonga, unarudi nyuma kidogo, unagonga tena. Tak-tak. Niliomba kitasa kipya tangu mwaka juzi. Nimezoea kuusukuma kwa goti. Sijui kama linakusaidia.

Kaka yako


29 Machi

Kaka,

Wiki mbili nimesubiri nusu saa yako. Unanijibu kuhusu kitasa na tabia za mtoto.

Mimi huku nimegombana na Meneja mara tatu kwa ajili yako. Wenzangu wa meza ya pili wamenihama, wanasema visanduku vyangu vinapiga kelele mchana kutwa. Macho yananiwasha. Nimesoma mistari elfu nne ya programu kama mtu anayetafuta chawa, na wewe uliye na friji yenyewe, kisanduku chenyewe, umeshindwa kufungua mlango.

Kama hukudanganya, mbona hutaki kunisaidia?

Bisibisi


4 Aprili

Wifi yangu,

Habari za siku. Nakuandikia kaka yako akiwa hayupo, na ukimjibu usimwambie.

Barua yako ya mwisho aliisoma amesimama, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati. Sasa nakwambia lile alilokuficha, kwa sababu naona mnaumizana bure.

Kaka yako amesimamishwa kazi tangu tarehe saba ya mwezi wa tatu. Funguo za kituo aliwakabidhi, na koti jeupe, na ile rejista yake. Alipokuandikia barua ya kwanza alikuwa na siku mbili nyumbani. Hiyo friji unayomwambia afungue mara hamsini, haruhusiwi hata kusogelea dirisha la chumba chake. Ofisi ya Mganga Mkuu ilimletea barua imeandikwa kwamba wataalamu wa kisanduku wamethibitisha hakina kosa, kwa hiyo kosa ni la mtu.

Kila asubuhi anavaa viatu vya kazi na kuwaaga watoto, kisha anakwenda kwa seremala hapa nyuma ya soko kupiga msasa mbao mpaka jioni. Watoto wanajua baba yuko kituoni. Mama pia hajui. Dereva anajua, lakini ameapishwa asikwambie. Nikamuuliza, kwa nini usimweleze mdogo wako? Akasema, "Akijua ataacha kutafuta kosa, ataanza kunihurumia."

Kituo kimefungwa. Muuguzi wa kushika nafasi hajaletwa. Yule mama wa pacha alinikuta kisimani wiki iliyopita akaniuliza chanjo ni lini. Niliinamisha kichwa kama niliyeiba mimi.

Wewe ni msomi wa hivyo vitu. Fanya unaloweza.

Wifi yako


11 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nimejua kwamba umesimamishwa. Usiulize kwa nani. Ile barua yangu ya tarehe ishirini na tisa ichome moto.

Kosa nimelipata. Kitasa chako ndicho kilichonionyesha.

Nilikuwa nakigonga kila kisanduku mara moja moja. Baada ya kusoma tena lile tak-tak lako nilitengeneza kamota kadogo kanakogonga mara mbili, kwa nafasi ile ile ya mlango mbovu. Nikaviacha vyote kumi na viwili vikigongwa. Siku ya pili vitatu vilikuwa vimekufa, vioo vyao vinaonyesha namba nzuri kabisa. Nilisimama nikavitazama. Nilitaka kupiga kelele za furaha, nikaketi chini sakafuni.

Nikueleze kama ninavyoweza. Kabla ya kulala kerneli inauliza: kuna kazi imebaki? Ikiona hakuna, inafumba macho. Kati ya kuuliza na kufumba macho kuna upenyo mdogo, mdogo kuliko kupepesa kope. Mlango ukibisha ndani ya upenyo huo, hodi inapokelewa mlangoni, lakini kerneli imeshauliza, haiulizi tena, inalala. Hilo peke yake lisingekuwa msiba, kwa kuwa ipo saa ya dakika tano ya kuiamsha. Ila imeandikwa kwamba hodi ikipokelewa tu, ile saa izimwe kwanza, na masikio ya mlango yazibwe, ili mlango mbovu usiwe unaamsha mara kumi. Vyote vitawashwa upya kazi ikimalizika. Kazi haianzi, kwa hiyo haimaliziki. Kisanduku kinalala hakuna saa wala sikio. Hata yule mlinzi wa ndani, ambaye kazi yake ni kukizindua kikizubaa, amezimwa wakati wa kulala ili kubana betri.

Mlango mzima hugonga mara moja. Wako unagonga ya pili wakati kerneli imemaliza ya kwanza na inafumba macho. Ndiyo maana ni wewe peke yako kati ya mia mbili na kumi na vinne.

Dawa yake ni mistari minne. Unaziba masikio kabla ya kuuliza, si baada. Mistari minne, kaka. Nimelia kwa hasira.

Sasa yaliyobaki, na haya ndiyo yaliyonifanya nichelewe siku tatu kuandika. Ile sehemu ya kulala nimeiandika mimi. Nilipokwambia "aliyeandika", ni mimi. Mwaka juzi, nikasifiwa na ofisi nzima kwamba betri sasa inakaa miaka miwili. Na ile karatasi ya wataalamu iliyosema kisanduku hakina kosa ina saini mbili. Ya kwanza ni ya Meneja. Ya pili ni yangu. Niliisaini tarehe tatu Machi, asubuhi ile ile, kabla sijakaa kukuandikia. Sikuwa nimepima chochote. Meneja alisema ni utaratibu tu, na mimi nilikuwa na uhakika na kazi yangu kuliko nilivyokuwa na uhakika na wewe.

Jana nimempelekea Meneja mistari minne. Amefurahi. Amesema tuitoe na toleo la mwezi wa nane na tuiite maboresho ya betri. Nikamuuliza, na kaka? Akasema mambo ya watumishi si yetu.

Bisibisi


18 Aprili

Bisibisi,

Nimeelewa maelezo ya hodi. Umeeleza vizuri.

Hasira ya kisanduku nimeshaimaliza. Kisanduku hakinijui. Wewe unanijua.

Usinitumie barua kwa sasa. Kama una la kuandika, liandike kwa wanaohusika.

Kaka yako


21 Aprili

Kwa Mganga Mkuu,

KUHUSU: KOSA LA VISANDUKU VYA FRIJI ZA CHANJO, NA KUONDOA SAINI YANGU

Tafadhali rejea taarifa ya tarehe 3 Machi, iliyosema kwamba kisanduku cha friji katika kituo kilichoripoti chanjo kuharibika hakina kosa. Mimi ni mmoja wa wawili walioisaini. Naandika kuiondoa saini hiyo.

Kisanduku kina kosa. Liko katika programu yake ya ndani, katika sehemu niliyoiandika mimi. Kosa hili hukifanya kisanduku kilale kisiamke, huku kioo kikiendelea kuonyesha joto la zamani. Namba moja kujirudia mara sita ndiyo dalili yake hasa. Muuguzi aliandika alichokiona. Asingeweza kuandika kingine bila kusema uongo.

Visanduku vyote mia mbili na kumi na vinne vina kosa hili. Vilivyo kwenye friji zenye vitasa vibovu viko hatarini zaidi, na hakuna ajuaye ni vingapi vimelala leo. Naomba kila kituo kiagizwe kuchomoa na kurudisha betri ya kisanduku kila asubuhi mpaka programu irekebishwe.

Niko tayari kuja kuonyesha kosa hili mbele yako. Naona ni haki pia ujue kwamba muuguzi huyo ni kaka yangu. Usiniamini kwa maneno. Niite, nije na visanduku.

Fundi wa programu,
mtunzaji wa kerneli ya kisanduku

Nakala: Meneja


8 Mei

Wifi yangu,

Kaka alinikataza kumwandikia, kwa hiyo nakuandikia wewe. Msomee ukipenda.

Mganga Mkuu aliniita. Nilikwenda juzi na visanduku viwili na kamota kangu ndani ya kikapu, kama muuza mayai. Meneja naye alikuwepo, hakunisalimia. Nikapanga vyangu mezani, nikawasha, tak-tak, tak-tak. Nikawaambia subirini. Saa ya kwanza ikapita, visanduku vizima kabisa. Ya pili. Meneja akaanza kutazama dirishani kama anayeona aibu kwa niaba yangu. Karani akaleta birika la chai, wakanywa, mimi nikaendelea kutazama vioo. Wiki nne mezani kwangu nilikuwa naviomba vife vinakataa, na hapo tena vikanikatalia mbele za watu. Saa ya tatu Mganga Mkuu akaanza kusaini barua zake nyingine. Nilitaka kukiokota kimoja nikipige ukutani.

Ilipokaribia saa ya nne kimoja kikanyamaza. Kioo kinasema ishirini na nne nukta moja. Nikasema, "Hiki kimelala." Mganga Mkuu akakitazama, akasema, "Mbona kinaonyesha joto la chumba?" Nikamwambia kiweke popote unapotaka. Akakichukua, akakiweka juu ya lile birika la moto. Tukakaa. Kioo, ishirini na nne nukta moja. Akakitoa, akakishika, kikamuunguza kidole. Kioo, ishirini na nne nukta moja.

Akakirudisha mezani. Halafu akamwuliza Meneja, "Na sisi tumemsimamisha mtu kwa hiki?" Meneja akaanza kueleza habari za toleo la mwezi wa nane. Hakumaliza.

Basi imeagizwa visanduku vyote virekebishwe. Meneja amesema ofisi haina watu wa kuzunguka vituo vyote, labda baada ya miezi mitatu. Hapo dereva wa gari la dawa, aliyekuwa amesimama mlangoni anasubiri karatasi zake kusainiwa, akasema, "Mimi upande wetu wote nafika kila mwezi. Nifundisheni." Meneja akacheka. Mimi nikampeleka kwenye gari lake nikamfundisha pale pale: waya huu hapa, kitufe hiki, shikilia mpaka taa ya kijani iwake mara tatu, usiachie ya pili. Mara mbili aliachia mapema na kisanduku kikagoma, nikakizindua. Mara ya tatu akapata. Akaandika hatua zote nyuma ya kitabu chake cha mafuta. Mpaka leo amemaliza vituo vitano na kukuta kimoja kimelala. Hakuna ajuaye tangu lini. Madereva wa pande nyingine wanakuja kwangu Jumatatu.

Mimi nimeondolewa kwenye kerneli. Nimepewa chumba cha kupokea visanduku vilivyorudishwa, kazi yangu ni kufungua skrubu na kuandika kilichoharibika. Meneja anasema ni kwa muda. Sijali sana, au najali, sijui. Kinachonichoma ni kwamba mistari ile minne wameipitisha kwa jina la mtu mwingine.

Kuhusu kaka wamesema watamwandikia. Mwambie shikamoo.

Wifi yako


23 Mei

Bisibisi,

Marahaba, na ya zile wiki zote pia.

Barua yao ilikuja tarehe kumi na mbili, pamoja na koti langu. Inasema narudishwa kazini kwa kuwa hakukuwa na ushahidi wa kutosha dhidi yangu. Wifi yako alishaanza kunipigia pasi koti. Nikamwambia aache. Ushahidi wa kutosha maana yake nini? Maana yake huenda niliiba, ila hawakuniona. Nikaenda mpaka ofisi ya Mganga Mkuu nikaketi kwenye benchi. Karani akaniambia, "Si umerudishwa, unataka nini tena?" Nikamwambia nataka sentensi moja. Nimekaa siku mbili kwenye lile benchi, na mkate wangu. Siku ya pili mchana Mganga Mkuu akatoka mwenyewe, akaniuliza nataka iandikwe vipi. Nikamtajia. Akamwita karani akaipiga chapa mbele yangu: Rejista ya muuguzi ilikuwa sahihi. Basi. Nikachukua funguo.

Nilikuta kituo kina vumbi la kuandikia jina. Friji wameifunga kitasa kipya, sasa ndiyo wamekumbuka. Dereva amekwisha kurekebisha kisanduku, akanieleza habari za masikio na hodi kana kwamba kerneli ni ya baba yake. Nimemwacha afaidi.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Jana ilikuwa Alhamisi, kliniki ya kwanza. Nilitangaza wiki nzima. Nikapanga viti, nikatoa chupa, nikaangalia kila kamraba kwa miwani. Watoto walikuwa sitini na mmoja. Wameletwa kumi na tisa.

Wengine hawakuja. Nimeuliza kwa nini, wananiambia hivi na hivi, mtoto ana kikohozi, mume kasafiri. Mmoja tu ndiye aliyesema wazi: wamesikia muuguzi alikuwa anachoma watoto dawa mbovu na ndiyo maana alifukuzwa. Mama wa pacha alikuja, lakini hakuingia. Alisimama uani, akaniuliza, "Safari hii nani amepima?" Nikamweleza. Fyuzi, kisanduku, usingizi, hodi. Aliniangalia kama ninayemwuzia kitu, akaondoka na watoto wake. Ile sentensi ya Mganga Mkuu ninayo mfukoni, na yeye hajui kusoma.

Nimechoka, Bisibisi. Nimeeleza mpaka maneno yameisha. Na kila nikieleza, naonekana ninajitetea.

Wifi yako amenisomea barua yako yote, na sehemu ya birika ameisoma mara mbili. Hukuuliza kama nimekusamehe, ila shikamoo yako ilikuwa inauliza. Bado. Ila nimeacha kukasirika nikiwa nakula, na juzi nilikutaja kwa watoto bila kukunja uso.

Waliobaki ni arobaini na wawili. Majina ninayo, na nyumba zao nazijua. Kuanzia Jumatatu ya tarehe tisa Juni nawafuata mlango kwa mlango na boksi la barafu begani. Ni mwendo wa siku nne, mabonde kwa vilima, gari halipiti. Omba ruhusa kwenye hicho chumba chako cha skrubu uje. Sitaki uje kunisaidia kubeba. Nataka tukifika kila mlango mimi ninyamaze, na wewe useme: kosa lilikuwa langu, si la huyu.

Ukifika kwa mama wa pacha, mwambie polepole. Ana maswali mengi kuliko Mganga Mkuu.

Vaa viatu vya kutembelea.

Kaka yako